Fischer Black na Bei ya Mashaka

Mtu ninayetaka tumzungumzie hakuwa na shahada ya uchumi hata moja, lakini kanuni yenye jina lake hufundishwa popote panapofundishwa somo la fedha, na imo ndani ya kompyuta za mabenki makubwa kila soko linapofunguliwa asubuhi. Anaitwa Fischer Black. Alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Washington, tarehe 11 Januari 1938, na alifariki dunia tarehe 30 Agosti 1995 akiwa na miaka 57 tu.

Kwa nini yeye? Biashara ya fedha imejaa watabiri. Fungua ukurasa wowote wa habari za biashara utawakuta: huyu anasema dola itapanda, yule anasema mafuta yatashuka, na wiki ijayo wote wawili wanarudi na utabiri mpya bila mtu kuwauliza juu ya ule wa zamani. Black aliiweka kando kazi hiyo. Swali lake lilikuwa jingine: ikiwa hakuna anayejua kesho itakuwaje, je, kutojua huko kuna bei gani leo? Akalitafutia jibu la hesabu, akalipata. Kisha, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, akautumia muda wake uliobaki kuwaonyesha watu mahali jibu lake linapovuja.

Alikulia Bronxville, mji mdogo kaskazini mwa jiji la New York. Akaenda Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu fizikia mwaka 1959. Alipoanza masomo ya udaktari ndipo matatizo yalipoanza. Alianza na fizikia, akahamia hisabati, akavutwa na kompyuta, akavutwa na saikolojia. Kila alipowekwa kwenye njia moja alichungulia nyingine. Mwishowe Harvard wakamwambia aondoke mpaka atakapojua anataka nini. Akapata kazi katika kampuni ya utafiti palepale Cambridge, jimbo la Massachusetts, na humo akajikita kwenye swali la namna ya kuifanya kompyuta ijibu maswali kwa kufuata mantiki. Marvin Minsky wa chuo cha MIT, mmoja wa waasisi wa fani ya akili bandia, akakubali kumsimamia, na mwaka 1964 Harvard wakampa udaktari wake wa hisabati tumizi. Kwa hiyo mtu huyu tunayemwita mwanauchumi wa fedha aliandika tasnifu yake juu ya mashine inayofikiri, zaidi ya miaka hamsini kabla dunia haijaanza kuzungumza na kompyuta kila siku.

Mwaka 1965 aliajiriwa na Arthur D. Little, kampuni ya washauri, na huko akakutana na Jack Treynor. Kukutana huko kuliamua maisha yake yote yaliyofuata. Treynor alikuwa ameandika, mwanzoni mwa miaka ya 1960, makala ambayo wakati huo ilikuwa haijachapishwa, yenye wazo ambalo William Sharpe, John Lintner na Jan Mossin nao walilifikia kila mmoja kwa njia yake. Wazo lenyewe ni hili. Ukinunua hisa za kiwanda kimoja, na kiwanda hicho kikaungua, umeumia. Lakini ukiwa na hisa za kampuni mia moja zilizotawanyika, moto wa kiwanda kimoja haukunyimi usingizi. Hatari hiyo ungeweza kuikwepa, na soko halina sababu ya kumlipa mtu kwa kubeba hatari anayoweza kuikwepa. Ile ambayo huwezi kuikwepa, uchumi mzima unapodorora na kampuni zote mia zikashuka pamoja, hiyo ndiyo yenye malipo.

Black alilishika wazo hili kama watu wengine wanavyoshika dini. Sisemi hivyo kumdhihaki. Wenzake wengi walilichukua kama chombo cha kupimia hisa, wakakitumia, wakakirudisha kabatini. Yeye aliona kwamba kama ni kweli kwa hisa, basi lazima liwe kweli kwa kila kitu chenye bei: hatifungani, mikopo, nyumba, ujuzi wa mfanyakazi, hata fedha zenyewe. Maisha yake yote ni safari ya kulipeleka wazo hilo moja mahali ambapo hakuna aliyefikiri kulipeleka. Na mahali pa kwanza palikuwa kwenye opsheni.

Opsheni ni nini? Fikiria arbuni ya kiwanja. Umekiona kiwanja Kigamboni, mwenyewe anataka shilingi milioni 20. Unampa milioni moja, mnaandikiana kwamba kwa miezi mitatu hawezi kumuuzia mtu mwingine, na wewe ukitaka utakinunua kwa milioni 20 zilezile. Barabara ya lami ikitangazwa na bei ikafika milioni 26, unakwenda kununua ukiwa unachekelea. Bei ikishuka, unaiacha arbuni yako na kuondoka. Hakuna wa kukulazimisha. Ulichokinunua kwa ile milioni moja ni haki ya kuchagua. Sasa weka hisa mahali pa kiwanja, na opsheni ndiyo hiyo.

Swali la miaka mingi lilikuwa: haki hiyo ya kuchagua ina thamani gani hasa? Kwa nini arbuni iwe milioni moja, isiwe laki tatu au milioni mbili? Mfaransa Louis Bachelier alilishughulikia katika tasnifu yake Paris mwaka 1900. Wamarekani kadhaa walilirudia katika miaka ya 1950 na 1960. Wote walikwama, au walipita kwa kuotea, mahali pamoja: ili ujue thamani ya haki ya kununua kesho, ilionekana lazima ujue bei ya kesho inatarajiwa kuwa ipi. Yaani lazima utabiri kwanza.

Black alianza na wazo la Treynor. Alijiambia: bei ya hisa ikisogea kidogo, opsheni yake nayo husogea, na hatari ya opsheni inabadilika kila dakika kwa sababu uhusiano wake na hisa unabadilika. Kama soko linalipa tu hatari isiyokwepeka, basi naweza kuandika mlinganyo wa namna thamani ya opsheni inavyobadilika kadiri siku zinavyokwenda. Akauandika. Na baada ya kuuandika, akakwama, asiweze kuupatia jibu. Alisimulia mwenyewe baadaye, katika makala ya mwaka 1989, kwamba alikaa siku nyingi mno akiutazama. Alikuwa na udaktari wa hisabati tumizi lakini hakuwa amezoea milinganyo ya aina ile. Alikuwa na shahada ya fizikia lakini hakutambua kwamba mlinganyo wake ulikuwa ndugu wa mlinganyo wa joto, ule unaoeleza namna joto linavyosambaa ndani ya chuma, ambao jibu lake lilikuwa limejulikana muda mrefu. Akauweka kando.

Alipoanza kufanya kazi na Myron Scholes, kijana kutoka Kanada aliyekuwa akifundisha MIT, walirudi kwenye karatasi zile. Wakaona jambo ambalo Black alikuwa amelitazama muda wote bila kulipa uzito wake. Ndani ya mlinganyo ule palikuwa na bei ya hisa ya leo. Palikuwa na bei mliyokubaliana, muda uliobaki, riba, na kiasi ambacho bei ya hisa ina tabia ya kuyumba. Lakini matarajio ya hisa kupanda au kushuka hayakuwemo. Yalikuwa yamefutika yenyewe katika hesabu.

Hili si jambo la kulipita haraka, kwa hiyo chukua kalamu kama unayo karibu. Tuseme hisa leo ni shilingi 1,000. Baada ya mwaka itakuwa ama 1,200 ama 800, basi. Riba tuseme hakuna, ili hesabu iwe nyepesi. Kuna opsheni ya kukuwezesha kuinunua kwa 1,000. Hisa ikifika 1,200, opsheni ina thamani ya 200. Ikishuka hadi 800, opsheni ni karatasi tupu. Sasa wewe nunua hisa moja, na papo hapo wauzie watu opsheni mbili. Hisa ikipanda, una 1,200 mkononi, lakini walionunua opsheni kwako unawalipa 200 kila mmoja, jumla 400, unabaki na 800. Hisa ikishuka, una 800, na hudaiwi kitu. Umeona? Ipande, ishuke, wewe una 800. Umejitoa kabisa kwenye bahati nasibu. Na mtu mwenye uhakika wa kupata 800 mwakani, katika nchi isiyo na riba, leo anapaswa kuwa ametoa 800, si zaidi wala si pungufu. Hisa uliinunua kwa 1,000, kwa hiyo zile opsheni mbili lazima ziwe zimekuingizia 200. Kila moja ni shilingi 100.

Angalia sasa nini hatukukiuliza. Hatukuuliza kama kupanda kuna uwezekano mkubwa kuliko kushuka. Anayeamini hisa hii ni dhahabu na anayeamini ni takataka wote wawili watafika kwenye shilingi 100 zilezile. Wanaweza kubishana juu ya kesho mpaka koo zikauke, na bado wakafanya biashara leo kwa bei moja. Mimi kila ninapoirudia hesabu hii hupata mshangao uleule. Maelezo haya mepesi ya bei mbili yalikuja baadaye, mwaka 1979, kutoka kwa John Cox, Stephen Ross na Mark Rubinstein. Soko halisi halina bei mbili bali linasogea kila sekunde, na kinga yako lazima uirekebishe kila mara. Hoja hiyo ya kurekebisha kinga bila kukoma ilitoka kwa Robert Merton, kijana mwingine wa MIT, na Black na Scholes walikiri wazi katika makala yao kwamba ni yake.

Walipopata kanuni, waliijaribu kwa fedha zao. Walikagua hati za aina ya opsheni zilizokuwa zikiuzwa sokoni wakati ule, wakaona zilizo rahisi kuliko zote, kwa mujibu wa hesabu yao, ni za kampuni iitwayo National General. Wakazinunua, Black, Scholes na Merton. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha kampuni nyingine ikatangaza kutaka kuinunua National General kwa masharti yaliyozipunguzia hati hizo thamani. Soko lilikuwa linajua jambo ambalo kanuni haikulijua, na ndiyo maana bei ilikuwa chini. Kumbuka kwamba hii ni kabla hata makala haijachapishwa. Mwandishi wa kanuni alikuwa tayari ameshalipa ada ya kujua mipaka yake.

Kuchapishwa nako kulikuwa na kisa chake. Waliipeleka kwa Journal of Political Economy, jarida la Chuo Kikuu cha Chicago, likairudisha bila hata kumpa mtaalamu aisome. Black alishuku kwamba sababu mojawapo ni anwani yake: ilionyesha wazi kwamba hakuwa mtu wa chuo. Jarida la pili nalo likaikataa. Ilibidi Merton Miller na Eugene Fama, wakubwa wawili wa Chicago, waisome na kuwashawishi wahariri wa jarida la kwanza waitazame upya. Ikatoka katika toleo la Mei na Juni 1973.

Na wakati ulikuwa umeiva. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, soko la kwanza la opsheni lenye utaratibu rasmi, Chicago Board Options Exchange, lilifungua milango kwa opsheni za hisa 16. Siku ya kwanza iliuzwa mikataba 911. Vijana waliosimama kwenye ukumbi ule wakipiga kelele za kununua na kuuza walihitaji kujua bei haraka. Black alianza kuwauzia karatasi zilizopigwa chapa, kila hisa na jedwali lake, zikionyesha thamani ya kila opsheni na ni hisa ngapi za kushika kama kinga. Wakawa wanaingia nazo ukumbini zimekunjwa mkononi. Punde kampuni ya Texas Instruments ikatoa kikokotoo cha mkononi chenye kanuni hiyo ndani yake. Scholes amesimulia kwamba alipowauliza kuhusu malipo ya haki zao, aliambiwa kanuni hiyo ni mali ya umma. Akaomba basi angalau apewe kikokotoo kimoja. Wakamwambia akanunue.

Kufikia hapo Black alikuwa amekwisha kuingia Chuo Kikuu cha Chicago, kwanza kama mgeni mwaka 1971, kisha profesa kamili, bila kuwahi kuketi katika darasa la uchumi kama mwanafunzi wa kawaida. Mwaka 1975 akahamia MIT. Chicago ilikuwa ngome ya Milton Friedman, ambaye mafundisho yake yalikuwa kwamba benki kuu ndiyo inayoamua kiasi cha fedha na hivyo mfumuko wa bei. Black, akifuata wazo lake lilelile hadi mwisho, alisema hapana: katika uchumi wenye mabenki huru, watu ndio wanaoamua washike fedha kiasi gani, na benki kuu inafuata tu nyuma. Inasimuliwa kwamba alipokwenda kuwasilisha hoja hiyo katika semina ya Friedman, mwenyeji aliwatangazia waliohudhuria kuwa wote wanajua makala ile ina makosa, na kazi yao ni kuyatafuta. Black hakurudi nyuma. Aliendelea kuandika juu ya jambo hilo mpaka alipokufa. Wanauchumi wengi hawakukubaliana naye, na mimi mwenyewe, nikitazama jinsi benki kuu zinavyopandisha riba na mikopo ikapungua, naona vigumu kumfuata hadi huko. Lakini leo zipo benki kuu zinazokiri waziwazi kwamba fedha nyingi katika uchumi huzaliwa pale benki ya biashara inapotoa mkopo, na swali la Black halijafungwa.

Kuna sehemu ya makala ile ya 1973 ambayo husahaulika kwa sababu ya kelele za soko la opsheni, nayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi kwa msikilizaji wa huku kwetu, ambako opsheni za hisa si bidhaa ya kila siku. Kichwa cha makala kilitaja pia madeni ya makampuni. Black na Scholes walisema hivi: mwenye hisa katika kampuni yenye deni kwa kweli ana opsheni mkononi. Kampuni ikistawi hadi mali zake zizidi deni, atalilipa deni na kubaki na ziada yote. Ikianguka, anawaachia wakopeshaji funguo na kuondoka, hasara yake haizidi alichokiweka. Sasa rudi kwenye kanuni. Thamani ya opsheni huongezeka kadiri bei inavyoyumba zaidi. Maana yake, mwenye kampuni iliyolemewa na madeni anafaidika kwa kucheza michezo ya hatari, kwa kuwa ikifanikiwa faida ni yake, ikishindikana mzigo ni wa aliyemkopesha. Hapa hatuhitaji kumwita mtu mbaya. Ni hesabu ya nafasi aliyokaa. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS, akamwona mkopaji aliyezidiwa akianza ghafla miradi ya ajabu, amekiona kitu hiki kwa macho yake. Merton akaiendeleza hoja hiyo mwaka 1974, na namna nyingi za kupima uwezekano wa kampuni kushindwa kulipa zimejengwa juu yake.

Mwaka 1984 Black aliacha uprofesa. Robert Rubin, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa fedha wa Marekani, alimwita kwenye benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs, na miaka miwili baadaye akafanywa mbia. Alipoulizwa tofauti ya sehemu hizo mbili, alisema masoko huonekana yamenyooka zaidi ukiyatazama kutoka ukingo wa mto Charles, ilikosimama MIT, kuliko kutoka ukingo wa mto Hudson, palipo na Wall Street.

Picha ya Black kazini tunaipata kwa Emanuel Derman, mwanafizikia mzaliwa wa Cape Town aliyejiunga na Goldman mwishoni mwa 1985. Akiwa na Derman na Bill Toy, Black alitunga modeli ya kuweka bei za opsheni za hatifungani, iliyochapishwa mwaka 1990. Derman amemweleza kama mtu mkimya, ambaye ungemuuliza swali akanyamaza kwa muda wa kukutia wasiwasi, kwa sababu tu alikuwa analifikiria. Aliandika kila wazo, kila mazungumzo, akayahifadhi kwa mpangilio katika kompyuta yake. Na alipoandika makala alitaka sentensi fupi, maneno ya kawaida, hesabu kidogo kadiri inavyowezekana. Rasimu ya ile makala ya watu watatu ilirudiwa na kurudiwa. Alijali pia jinsi dalali wa sokoni atakavyoiona modeli kwenye skrini yake, kwa kuwa modeli isiyoeleweka na mtumiaji aliiona haijakamilika. Wahadhiri wengi wa fani hii wangefaidika sana kwa kuisoma nathari yake, na ninasema hivyo kwa moyo wote.

Mwaka 1986 ikachapishwa hotuba aliyoitoa kama rais wa chama cha wanataaluma wa fedha cha Marekani. Kichwa kilikuwa neno moja: Kelele. Watu wengine, alisema, hununua na kuuza kwa sababu wana habari. Wengine, tena wengi, hununua na kuuza kwa sababu ya kelele wanazozidhania kuwa habari. Bila wale wa kelele soko lisingekuwepo, kwa kuwa mwenye habari hawezi kufanya biashara na mwenye habari mwenzake. Mmoja atauliza, kwa nini huyu ananiuzia? Lakini walewale wanaolifanya soko liwepo ndio wanaoisukuma bei mbali na thamani yake. Basi soko zuri ni lipi? Black akasema ni lile ambalo bei yake iko kati ya nusu ya thamani ya kweli na mara mbili ya thamani hiyo. Akaongeza kwamba kwa kipimo hicho, masoko karibu yote huwa mazuri wakati mwingi. Tafakari upana wake: kampuni yenye thamani ya shilingi 100, ikiuzwa 50 au ikiuzwa 200, kwake zote ni sawa. Aliyasema haya mtu ambaye wenzake walimhesabu kuwa muumini mkubwa wa nguvu ya soko, na aliyasema mbele yao. Alijua kwamba wengi watayakataa. Akatabiri kwamba siku moja yatakubalika.

Hakusubiri sana. Tarehe 19 Oktoba 1987 kipimo cha Dow Jones kilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Wawekezaji wengi wakubwa walikuwa wamenunua kinga iliyobuniwa kutokana na mantiki ya opsheni: bei ikishuka, uza, ikizidi kushuka, zidi kuuza. Kinga hiyo hufanya kazi ukiwa nayo peke yako. Ikiwa nayo nusu ya soko, kila mmoja anauza kwa sababu mwenzake ameuza, na hakuna wa kununua. Mwaka uliofuata Black akaandika makala yenye kichwa kinachotaja matundu ya kanuni yake mwenyewe, akayaorodhesha: kanuni inadhani kuyumba kwa bei hakubadiliki, na kunabadilika, inadhani bei haziruki ghafla, na zinaruka, inadhani kununua na kuuza hakuna gharama, na zipo. Akaeleza mtumiaji afanye nini kwenye kila tundu. Sijui kama kuna waandishi wengi wa nadharia mashuhuri waliofanya hivyo kwa mikono yao.

Mwaka 1994 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alikuwa akikiandika kitabu juu ya uchumi mzima kwa ujumla wake, akakimaliza. Kilitoka mwaka 1995, mwaka aliofariki. Oktoba 1997 tuzo ya Nobel ya uchumi ikatangazwa kwa Merton na Scholes. Tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu, na tangazo lenyewe lilimtaja Black kwa jina na mchango wake. Chini ya mwaka mmoja baadaye, mfuko wa uwekezaji wa Long-Term Capital Management, ambamo Merton na Scholes walikuwa wabia, ulizama. Uliuanza mwaka 1998 ukiwa na mtaji wa dola bilioni 4.7 na umekopa mara nyingi zaidi ya huo. Urusi iliposhindwa kulipa madeni yake mwezi Agosti, bei zikaruka, wanunuzi wakatoweka, na ikabidi taasisi 14 zikusanye dola bilioni 3.6 chini ya uratibu wa tawi la New York la benki kuu ya Marekani. Kuna watu wanaolitumia anguko lile kusema kanuni ya Black ilikuwa sumu tangu mwanzo. Siafikiani nao. Kanuni haikumwambia mtu akope kiasi kile, na bei kuruka ghafla lilikuwa mojawapo ya matundu ambayo Black alikuwa ameshayaandika, yakasomwa, miaka kumi kabla.

Chama kile alichokuwa rais wake kilianzisha tuzo yenye jina lake, hutolewa kwa mtafiti aliye chini ya miaka 40 ambaye kazi yake ni ya asili na ina manufaa kwa wafanyao biashara ya fedha. Wa kwanza kuipata, mwaka 2003, alikuwa Raghuram Rajan kutoka India. Miaka miwili baadaye Rajan alisimama Jackson Hole, Marekani, mbele ya magavana wa benki kuu waliokusanyika kumuaga kwa sifa Alan Greenspan, mkuu wa benki kuu ya Marekani, akawasomea makala inayouliza kama mabadiliko ya karibuni katika fedha yameifanya dunia iwe na hatari zaidi. Wakubwa kadhaa walimshambulia ukumbini. Mwaka 2008 mabenki yalipoanguka, wakaanza kuitafuta makala ile.